Maswali na Majibu: Pete za Zohali na Hisabati Mnayoikimbia

*Kuna mtu kweli analipwa mshahara kwa kutazama pete za sayari ya Zohali? (Kidato cha pili, Tabora)*

Wapo, ila muda mwingi wanapekua picha na namba kwenye kompyuta. Mmarekani Mark Showalter aligundua mwezi mdogo uitwao Pan mwaka 1990, ndani ya picha ambazo chombo cha anga cha Voyager 2 kilizipiga mwaka 1981. Kingo za mwanya mmoja wa pete zilikuwa na mawimbi, ikakisiwa kuna kitu kinazivuta. Showalter akapiga hesabu kitakuwa wapi, akakikuta.

*Hisabati imenishinda. Nikikazania Jiografia, ambamo sayari zinafundishwa, nitafika? (Kidato cha tatu, Kasulu)*

Hufiki. Na swali hili nimechoka nalo. Jiografia itakupa majina ya sayari, basi. Mwaka 1859 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha hesabu zinazoonyesha kuwa pete hizo haziwezi kuwa bamba gumu wala kimiminika. Ni lazima ziwe vipande visivyo na idadi, kila kimoja kikizunguka kivyake. Hakuna chombo kilichokuwa kimefika anga za juu wakati huo. Ilipofika 1895, mwanaastronomia James Keeler alipima mwanga wa pete akakuta sehemu za ndani zinakwenda mbio kuliko za nje, sawasawa na hesabu. Nyie mnaitelekeza Hisabati kidato cha pili, wazazi wanaitikia kwamba "si kila mtoto ni wa hesabu", halafu mnaniomba njia ya mkato. Soma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati).

*Lazima mtafiti wa pete awe mwanaanga? (Mzazi, Ujiji)*

Hapana.

*Ni kweli pete zilitoweka mwaka jana au juzi? Nilitumiwa WhatsApp.*

Mnasambaza kabla ya kusoma! Machi 2025 zilitugeukia ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi. Pete kuu zina upana wa maelfu ya kilomita, lakini unene wake sehemu nyingi ni kama mita 10 tu, ndiyo maana hazikuonekana.

*Nyota yangu ni Mizani, Zohali inanizuia kupata kazi?*

Peleka kwa mganga wako.

*Kijana wangu anaweza kuajiriwa hapa nchini kwa kazi hiyo? (Mzazi, Kigoma mjini)*

Kwa pete peke yake, asitegemee. Aanze na shahada ya Fizikia au Hisabati, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano, ajifunze kuandika programu za kompyuta, kisha uzamili na uzamivu, ambao huenda ukampeleka nje ya nchi. Hata huko, ajira nyingi hufuata vyombo vya anga: Cassini kilirushwa 1997, kikafika Zohali 2004, kikamalizwa 2017, na waliokitegemea wakatafuta pengine. Mwenye ujuzi wa takwimu hakosi kazi kwingine. Picha za Cassini ziko wazi mtandaoni bila malipo, aanze kuzichambua sasa. Na "wakala" yeyote anayedai hela kwanza ili awatafutie ufadhili wa masomo ya anga, msimpe hata shilingi.