Jibu: Mstari unaokatana na mwingine kwa pembe mraba

Ndugu, umeuliza mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta A(4, 1) na kukatana kwa pembe mraba na mstari 2x − 3y + 5 = 0, na kwa nini mteremko wa −2/3 ulioutumia ulikataliwa. Kosa hilo nalikuta mara nyingi kwa vijana ninaowasaidia hapa Bukavu kujiandaa kwa mtihani wa Serikali: wanabadilisha alama, lakini wanasahau kupindua sehemu, yaani kugeuza 2/3 iwe 3/2.

Mstari uliopewa, 2x − 3y + 5 = 0, ukiuandika upya ni y = (2/3)x + 5/3; basi mteremko wake, ambao darasani tunauita kwa Kifaransa «pente», ni 2/3, maana yake ukienda hatua 3 kulia unapanda hatua 2. Chukua daftari la vimraba, uchore safari hiyo, kisha uizungushe robo ya duara: zile 3 za kulia zinakuwa 3 za kupanda, na zile 2 za kupanda zinakuwa 2 za kwenda kushoto, hivyo mteremko mpya ni −3/2. Ukizidisha miteremko hiyo miwili unapata −1.

Basi y − 1 = −3/2(x − 4), yaani 3x + 2y − 14 = 0. Weka x = 4 na y = 1 uhakikishe: 12 + 2 − 14 = 0.

Angalia tu kwamba mstari wa mlalo, kama y = 5, una mteremko 0, ambao haupinduliki; unaoukata kwa pembe mraba kupitia A ni x = 4.