Shangazi wa Nyumba Anajibu: Kufuli, LUKU ya Pamoja na Kijana Anayeoa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wenye nyumba wadogo: vyumba vinne au sita vya kupangisha, labda na fremu moja ya duka mbele. Hao ndio ninaowajua, kwa sababu nami napangisha Temeke, nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Nyumba ya namna hii hulipa ada za shule na dawa za wazee, kwa hiyo sizichukulii barua hizi kama mambo madogo.

Shangazi, shikamoo. Nina mpangaji anayelipa 120,000 kwa mwezi. Kodi yake ya miezi sita iliisha, na huu ni mwezi wa pili kila nikimuuliza ananijibu “wiki ijayo, mama”. Shemeji yangu ananishauri nifunge kufuli akiwa kazini, eti atalipa siku hiyohiyo. Nifunge? — Mama wa Mbagala

Marahaba, mwanangu. Usifunge. Wala usimkatie umeme, wala usimtume fundi aje kung'oa mlango kwa kisingizio cha matengenezo. Ukishafunga kufuli umeshika vitu vya mtu, na kesho atasema ndani mlikuwa na milioni mbili na simu mpya. Wewe uliyekuwa unadai ndiye utakayekaa kituoni ukijieleza. Tena fikiria watoto wake wakirudi shule saa kumi na kukuta mlango umefungwa. Mwenye deni ni baba yao, wao hawana deni lako.

Kaa naye jioni, ndani, mbali na macho ya wapangaji wenzake. Mtu akidaiwa uani mbele ya watu hujibu kwa kiburi hata kama alikuwa tayari kulipa. Muulize ana nini sasa hivi na anapokea lini. Anadaiwa 240,000. Akikubali kukupa 160,000 kila mwezi, yaani kodi ya mwezi husika na 40,000 juu yake, deni litakuwa limekwisha baada ya miezi sita. Andikeni hivyo kwenye karatasi, tarehe na kiasi, nyote mtie saini, na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Malipo yapitie kwenye simu ili kila mmoja abaki na ujumbe.

Asipotimiza, mpe notisi ya maandishi inayotaja anadaiwa kiasi gani na anatakiwa kuondoka tarehe ngapi. Mimi hutoa siku 30. Mkabidhi mkononi, asaini nakala ya kubaki kwako. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya mjumbe, naye mjumbe aandike kwamba ameshuhudia. Siku zikipita bila jibu, nenda Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui kesi. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko inakotoka amri. Wa kumtoa mtu ndani ni mwenye amri mkononi. Shemeji yako hana amri, amwache.

Hukuniambia kama mna mkataba. Kama hamna, utakapofika barazani utakuwa na maneno yako dhidi ya maneno yake. Andikeni mkataba mpya hata sasa, na uupeleke TRA, mamlaka ya mapato, ukalipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba chako ni 14,400. Watu hukwepa hela hiyo kisha wanashangaa karatasi yao inapokataliwa kuwa ushahidi.

Na hii miezi sita, mwanangu, nitaisema mpaka nichoke. Kwa mwenye nyumba inaonekana salama, unapokea 720,000 kwa mkupuo. Lakini mpangaji wako ni mtu wa mshahara mdogo au wa biashara ya kila siku. Mara ya kwanza aliipata kwa kukopa au kwa mchezo wa kupeana kazini. Miezi sita ikiisha anatakiwa kuipata tena yote kwa siku moja, na hapo ndipo “wiki ijayo” inapozaliwa. Mimi hupokea ya miezi mitatu, na mwezi mmoja kabla haijaisha nampigia mpangaji kumkumbusha. Anayejua hatakuwa nayo huniambia mapema, na tunapanga tukiwa bado tunasalimiana.

Shangazi, nyumba yangu ina LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wanne. Mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi kila asubuhi, wa tatu anasema yeye ni taa tu. Kila umeme ukiisha ni ugomvi. Sasa wamegundua LUKU inakata kodi ya jengo, wanataka niwarudishie. Ni haki? — Baba wa Chanika

Ni haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Serikali iliiweka kwenye LUKU mwaka 2021 ili iwe rahisi kukusanya, lakini mwenye deni hakubadilika. Kwa nyumba ya kawaida, isiyo ya ghorofa, ni 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Baba, kwa nyumba inayokuingizia kodi nne hilo si jambo la kugombania. Kila mwanzo wa mwezi nunua wewe umeme wa kwanza, makato yapite kwenye hela yako, na kelele hiyo itaisha. Kama una mita mbili kwenye nyumba ileile na zote zinakatwa, chukua namba zake zote mbili ukaeleze kwenye ofisi inayosimamia kodi hiyo.

Ugomvi wa friji na pasi ni mkubwa zaidi, na hautaisha kwa kuchangishana sawasawa. Mwenye taa tu anaonewa kweli. Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wako pengine hawalijui. TANESCO, shirika la umeme, ina bei nafuu kwa mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi: kwake uniti moja, pamoja na VAT na tozo, ni karibu shilingi 122. Kwenye bei ya kawaida ni karibu 356. Familia nne kwenye mita moja haziwezi kukaa chini ya 75, kwa hiyo hata yule mwenye balbu mbili ananunua kwa bei ya juu kwa sababu ya mita ya pamoja. Ukiweza kumwombea kila mpangaji LUKU yake TANESCO, utakuwa umempunguzia gharama kuliko ungempunguzia kodi, na wapangaji hukaa kwenye nyumba ya namna hiyo.

Najua si kila mtu ana hela hiyo kwa mara moja. Njia ya katikati ni mita ndogo ndani kwa kila chumba, zifungwe na fundi mwenye leseni. Tarehe moja ya kila mwezi someni namba pamoja, wote wakiwa wamesimama hapo, na uziandike kwenye daftari linalokaa mahali pa wazi. Mpangaji aliyetumia uniti 20 analipa 20 zake kwa bei ileile mliyonunulia. Usiongeze hata shilingi kumi juu yake. Nimesikia wenye nyumba wanaouza umeme kwa faida kwa wapangaji wao, na jambo hilo linaniudhi sana, kwa sababu anayelipa faida hiyo ni yule asiye na mahali pengine pa kwenda. Taa ya uani na pampu ya kisima ni zako wewe.

Shikamoo Shangazi. Kijana wangu anaoa mwezi ujao na nataka nimpe chumba cha nje. Mpangaji aliyemo amelipa na bado ana miezi minne. Nyumba ni yangu, naweza kumwambia atoke? — Mama Kijana, Kibaha

Hongera kwa harusi. Nyumba ni yako, lakini miezi hiyo minne umeshaiuza na hela yake umeshaila. Huwezi kumlazimisha. Unaweza kumwomba, na ombi zuri linakuja na hela mkononi.

Kama analipa 80,000, mrudishie 320,000 zake, uongeze na za kumhamishia vitu na za dalali, maana huko aendako dalali atamdai kodi ya mwezi mmoja. Zote mpe siku mnayokubaliana, kabla hajatafuta. Wengi hapa hukosea kwa kusema “katafute kwanza, ukipata nitakurudishia”. Atatafutaje wakati hela zake unazo wewe? Hakuna mwenye nyumba atakayemshikia chumba kwa ahadi yako.

Akikataa, amekataa kwa haki yake, na usimnunie. Maharusi wakae ndani kwako miezi minne, au uwapangie mahali kwa muda huo. Naomba sana usianze zile mbinu za kumfungia maji au kumpandishia kodi katikati ya mkataba ili achoke mwenyewe. Mkweo mtarajiwa atakuja kuishi uani kwako, na atajua chumba chake kilipatikana vipi.

Hivi kodi nipandishe kwa asilimia ngapi kisheria? Mpangaji wangu anasema kuna kiwango. — Mwenye nyumba, Tabata

Kiwango hicho hakipo. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano yenu. Katikati ya mkataba usipandishe. Mwambie miezi miwili kabla haujaisha, kwa maandishi, na umweleze sababu. Mimi mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba simpandishii kila mwaka. Chumba kikikaa tupu mwezi mmoja, nyongeza yote ya mwaka inaweza kwenda nacho.

Mpangaji wa fremu yangu ni kampuni. Imekata asilimia 10 ya kodi yangu na kusema imepeleka TRA. Nimeibiwa? — Msomaji, Morogoro

Hapana, ikiwa kweli wameipeleka. Hiyo ni kodi ya zuio, na kampuni inayopanga inatakiwa kuikata kabla ya kukulipa. Wadai cheti cha zuio chenye jina lako na TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, kwa kila malipo. Wakikuzungusha kukupa cheti, nenda TRA uulize kama hela imefika.

Choo kimejaa na wapangaji wanasema gari la kunyonya nilipe mimi. Mimi nasema wao ndio waliokijaza. — Baba Watoto, Tandika

Kama mkataba hausemi, mgawane. Kama shimo linajaa kila baada ya miezi michache, tatizo ni shimo: ni dogo, au maji ya mvua yanaingia, na hilo ni la kwako kulitengeneza, kama lilivyo paa linalovuja na ukuta unaopasuka. Balbu, kitasa kilichovunjwa na koki iliyolegea kwa matumizi ni za mpangaji. Lakini gari liite leo, hela mtagawana kesho. Masika yakiingia huku shimo limejaa, uchafu utatapakaa uani, na kipindupindu kikija hakitauliza nani mwenye nyumba na nani mpangaji.