HLS imekubali programu yangu, mbona risiva inapoteza sampuli?

SWALI: Habari za kazi mafundi. Nimeandika risiva ya OFDM (mtindo wa kugawa data kwenye mawimbi mengi madogo) kwa C++, chaneli ya megahezi 20 kama ya Wi-Fi, kwenye kompyuta inapiga kazi safi kabisa, nikaipitisha kwenye Vitis HLS, programu inayogeuza C++ kuwa saketi, ikakubali bila kulalamika, lakini nikiiweka kwenye FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe) inadondosha sampuli ovyo. Saa ya chipu ni megahezi 100. Jamaa ananiambia nitupe yote nianze upya na Verilog, lugha ya kuandika saketi moja kwa moja. Nifanyeje?

JIBU: Usitupe kitu ndugu. Sampuli milioni 20 kwa sekunde, saa inapiga mara milioni 100, maana yake kila sampuli ina mapigo 5 tu. Fungua ripoti ya HLS uangalie safu ya II, yaani mapigo mangapi yanapita kabla lupu haijapokea sampuli nyingine, ikizidi 5 basi mchawi wako ndo huyo.

Mara nyingi chanzo ni arei, yaani orodha ya namba. HLS huiweka kwenye BRAM, kumbukumbu ya ndani ya chipu, na BRAM ina milango 2 tu, sasa filta ya tepu 16 inataka kusoma namba 16 kwa kila sampuli, ikizichukua mbili mbili ni mapigo 8, umeshachelewa hata kama umebandika PIPELINE (amri ya kuanza sampuli mpya kabla iliyotangulia haijaisha) kila kona. Tumia ARRAY_PARTITION ivunje arei iwe rejista, zote zisomwe kwa pigo moja. Arei ndogo tu lakini! Ukivunja ya maelfu chipu inajaa.

Halafu floti (namba za nukta inayoelea), kama bado unazo. Kujumlisha floti kunakula mapigo kadhaa na kila jumla inasubiri iliyotangulia, kwa hiyo hamia ap_fixed, namba za nukta isiyohama ambazo biti zake unazipanga mwenyewe. Hapa wengi wanaumia: 16 mara 16 inazaa biti 32, ukijumlisha majibu 16 unahitaji 4 zaidi, kwa hiyo jumla ipe biti 36. Ukiibana, ap_fixed haikupi onyo lolote, namba kubwa inageuka hasi kimya kimya na wewe unalaumu antena.

Verilog mi naiachia sehemu za kuwahi muda, mfano kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 jibu la kupokea pakiti linatoka baada ya mikrosekunde 16, pale nataka kushika kila pigo mwenyewe. FFT (hesabu ya kutenganisha masafa) na filta ziachie HLS.

Na kabla hujarudi kwenye bodi endesha cosim, yaani simulesheni ya saketi yenyewe iliyotoka HLS, maana simulesheni ya C inakuambia jibu ni sahihi tu, habari za muda haizijui.