Maua na miti ya matunda kwenye jua kali: mwagilia mara chache ila kwa kina

Watu wengi wakiona mti umenyong'onyea saa nane mchana wanakimbilia mpira wa maji. Jamani, subirini jioni kwanza! Majani mengi yanalegea kwa joto tu, jua likishuka yanasimama yenyewe, ila kama mpaka asubuhi bado yamelala basi hapo ndo ujue mti una kiu kweli.

Mimi miti iliyoshika, yaani ambayo mizizi yake imeshajikita, siimwagilii kila siku. Ukiipa kidogo kidogo kila siku maji yanaishia juu na mizizi nayo inabaki hukohuko juu, ukisafiri kidogo tu unakuta imekauka. Mwagilia taratibu mpaka maji yazame, halafu acha udongo wa juu ukauke ndo urudie. Kujua yamefika wapi nachomeka nondo nyembamba, kwenye unyevu inazama kirahisi, ikifika pakavu inagoma. Mche mpya ni habari nyingine, mizizi bado mifupi, huo unataka maji mara kwa mara na kivuli cha mchana mpaka ushike.

Na maji usimwage shinani tu, mizizi mingi inayonyonya iko mbali na shina, chini ya ncha za matawi na hata kupita hapo, kwa hiyo kisahani chako, yaani kile kibonde cha kushikia maji kuzunguka mti, kipanue kadiri mti unavyokua. Juu yake tandaza nyasi kavu au majani, sentimita 5 mpaka 10, ila yasiguse shina maana gome litaoza.

Kwa matunda napenda sana mkomamanga, mtini na mkunazi, inavumilia ukame kweli. Ila mkomamanga ukiuacha ukauke sana halafu ukaumwagia maji mengi kwa mpigo wakati matunda yanaiva, yanapasuka yote na inauma sana kuona.

Maua je? Bogenvilia ikishika usiidekeze, maji na samadi nyingi vinaleta majani tu, ikibanwa kidogo ndo inachanua. Waridi la jangwani linatunza maji kwenye shina lake nene, udongo wake uwe wa kupitisha maji haraka, likikaa kwenye tope linaoza.

Jambo lingine watu wanalisahau ni gome. Ukipogoa sana jua linapiga shina moja kwa moja, gome linaungua na kupasuka na wadudu wanaingia, kwa hiyo bakiza matawi ya kulitia kivuli, na palipobaki wazi paka chokaa iliyochanganywa na maji, hasa upande unaopigwa na jua la alasiri.