Kusini Pa Kula Papo: Ninavyochagua Hoteli Nikitembea na Watoto

Juzi niliandikiwa ujumbe na mama mmoja wa Dodoma. Desemba anakuja kusini na mumewe na watoto, Kilwa kwanza halafu Mtwara. Nauli ameshatenga, pa kulala ameshapata, ila wenzake kazini wamemwambia abebe chakula kwa sababu "kule hakuna pa kula." Akaniomba: "Dada yangu, nitajie hoteli tatu tu nzuri za kula, niandike, roho yangu itulie."

Nimempigia na tumeongea. Lakini hayo maneno ya "hakuna pa kula" nimeshindwa kuyaacha yapite hivihivi, maana nayajua. Niliyasikia nyumbani kwetu Mtwara, kwenye mkeka wa mama yangu, yakitoka kinywani mwa shemeji yangu aliyekuja kutoka Dar kwenye arusi ya mdogo wangu. Mama alikuwa ameamka alfajiri, amekuna nazi mwenyewe, amepika wali, changu wa kupaka na kisamvu. Shemeji akafungua kuliboksi lake, akatoa mkate na soseji, akawaambia wanawe, "Kuleni hivi, vyakula vya huku vitawaumiza matumbo." Mama hakusema neno. Alifunika bakuli la mchuzi, akaingia ndani. Miaka imepita, mimi na shemeji tunaongea vizuri, tunasaidiana, lakini lile bakuli lililofunikwa bado linaniuma.

Ndiyo maana mwaka huu ukoo ulipokubaliana kutembea pamoja likizo ya Juni, nilisema suala la chakula niachiwe mimi. Tulikwenda Kilwa, Mikindani na Msimbati, watu wazima na watoto. Hakuna aliyelala na njaa, hakuna aliyeumwa tumbo, na shemeji yuleyule, kule Kilwa Masoko, alisogeza sahani yake akaomba aongezewe pweza. Nalisema hili kwa kujivunia kabisa.

Najua wengi mnaonisoma mna nia kama yangu. Mnataka watoto waijue nchi yao, wasiishie kuona bahari kwenye simu. Basi nisikilizeni, kwa sababu safari za namna hii haziharibiki kwa sababu ya magofu wala ufukwe. Zinaharibika saa nane mchana, watoto wanalia njaa, baba amenuna, na mhudumu anasema "subirini kidogo."

Kanuni yangu ni moja: chagua mpishi kabla hujachagua jengo, na umwagize kabla njaa haijaingia. Sehemu nyingi huku kwetu hazilazi samaki kwenye friza akikungojea wewe. Ukiagiza, ndipo kijana anatumwa Feri kwenye soko la samaki, nazi inakunwa, mkaa unawashwa. Huo ndio uzuri wa chakula chetu, na ndiyo sababu mgeni anayeingia ghafla na watu kumi anakaa mpaka anakata tamaa, halafu anarudi kwao kusema kusini hakuna chakula.

Kilwa ndiko nilikojivunia zaidi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Tulifika Kilwa Masoko jioni, tumetoka Mtwara kupitia Lindi na kukunja pale Nangurukuru. Wenzangu walipokuwa wanashusha mizigo, mimi nilikwenda kuzunguka karibu na soko. Sikutafuta kibao wala taa za rangi. Nilitafuta wanapokula madereva wa bajaji na watu wa mashua, kwa sababu hao wanakula palepale kila siku, na mpishi akiwalisha kitu kibaya leo, kesho hawarudi. Nikampata mama mmoja ana benchi mbili na majiko ya mkaa. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaniuliza maswali ambayo hoteli kubwa hazijawahi kuniuliza: mko wangapi, wadogo wangapi, mnavuka saa ngapi, mnarudi na maji ya saa ngapi. Akafunua deli, akamwinua samaki mmoja, akapenyeza kidole chini ya shavu kunionyesha matamvua. Mekundu, yana utelezi. Akasema, "Huyu wa leo. Wa kwenu ni wa kesho, bado yuko baharini." Nikamwachia hela kidogo ya nazi na mkaa, tukapatana bei ya kila sahani, nikachukua namba yake ya simu. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani. Kule magofuni usitegemee hoteli ya kukaa na kusoma menyu, na kutembea ni kwingi. Kuna Msikiti Mkuu, kuna Gereza, yaani ngome ya zamani, na kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo mbali kidogo na mengine, yenye lile bwawa la pembe nane. Magofu haya na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na ukienda haraka haraka kwa sababu ya njaa unaondoka hujaona kitu. Chakula cha kuvukia nacho nilikipanga: mihogo ya kuchemsha, maandazi, mayai, ndizi, na maji mengi kuliko unavyodhani mnahitaji. Wali wa nazi sikubeba, na wewe usibebe. Kwa jua lile unachacha kabla hamjamaliza kuzunguka.

Tukiwa Husuni Kubwa mwanangu wa pili akauliza sultani alikuwa anakula nini. Nikamweleza ninachokijua. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultan al-Hasan ibn Sulaiman, huyu anayetajwa kuwa ndiye aliyejenga Husuni Kubwa. Akaandika kwamba sultani huyo alikuwa mnyenyekevu, anaketi na mafukara na kula nao. Shemeji alikuwa amesimama karibu, anasikia. Sikuongeza neno. Sultani mwenye jumba lile aliketi na mafukara wake, sisi tunaona aibu kukaa kwenye benchi la mama lishe.

Tuliporudi Masoko chakula kilikuwa tayari. Pweza wa nazi, wali, kolekole wa kukaanga, mchicha, pilipili ya ndimu pembeni. Watoto walikula wakanyamaza kimya. Hapo ndipo shemeji alipoomba aongezewe.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi: kabla hujauliza kuna samaki gani, angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanatoka sana na miamba inabaki wazi, kina mama wanashuka kuchokoa pweza. Siku hizo ndizo za kula pweza, yuko mwingi na ni wa siku hiyohiyo. Giza la mwezi ndilo la wavuvi wa taa, dagaa wanajaa. Mwezi mkubwa ukiwaka usiku kucha, dagaa wa taa wanapungua, usimgombeze mpishi. Na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo vinashinda ufukoni. Hoteli inayokuambia kila siku ina kila aina ya samaki, waombe wakuonyeshe.

Msimbati ni somo lilelile. Unatoka Mtwara mjini unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, unafika kwenye eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, unalipa kiingilio, na mbele yako ni mchanga mweupe na maji. Watoto wakiona maji hawakumbuki chakula mpaka wamechoka. Kwa hiyo mtu mzima mmoja asivue viatu kwanza. Aende akaagize, apatane bei, aseme saa ya kula, ndipo na yeye aoge. Sisi kazi hiyo nilimpa mume wangu, akaifanya vizuri. Njiani kurudi mkikuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ya kuchemsha inauzwa barabarani, simameni mnunue. Chumvi na pilipili tu, inatosha. Mtoto aliyekua bila kula ming'oko, kwangu mimi, hajafika kusini.

Mikindani, ambako ni kama kilomita 10 kutoka Mtwara, kuna The Old Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo leo ni hoteli. Wengi mtaniuliza kama inafaa kwenda na watoto kwenye sehemu za namna hiyo. Inafaa, ila ujue unalipia nini. Jengo, kivuli, mandhari ya ghuba, watoto kukaa kwenye kiti kizuri wakahudumiwa kwa heshima, hivyo vina thamani yake. Mimi nalipia mandhari mara moja kwa safari nzima, tena kwa chai au juisi, na chakula cha kushibisha nakitafuta kwa wapishi wa mjini. Mwenye uwezo wa kula pale milo yote na ale, sina neno naye.

Sasa niseme la bei, kwa sababu hapa watu wanaumizwa. Kuna hoteli moja, siitaji jina na sitaji mji, tuliingia na wazazi wangu. Kwenye menyu, mbele ya samaki mzima, waliandika "bei kulingana na saizi." Baba aliuliza ni kiasi gani, mhudumu akasema, "Msijali, mzee, si ghali." Bili ilipokuja, baba aliigeuza mara mbili, akaiweka kifudifudi mezani, akaanza kuhesabu noti taratibu huku ametazama pembeni. Mzee wa watu, amekuja kufurahi na wajukuu. Tangu siku ile nikisikia "si ghali" nasimama. Samaki aletwe nimwone akiwa mbichi, nitajiwe bei yake akiwa mbichi, na niambiwe kama wali na mboga vimo humo au vinalipiwa mbali. Tena naagiza samaki wakubwa wachache wakatwe vipande, badala ya kila mtu samaki wake. Watoto wanakula vizuri zaidi, na miiba unaitoa wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Usafi nao unaangaliwa kwa macho, haraka, bila kudharau mtu. Maji ya kunawa yanamiminwa au watu wote wanachovya kwenye beseni moja? Chakula kimefunikwa? Sahani zinasuuzwa kwa maji yanayobadilishwa? Kachumbari imekatwa sasa hivi au tangu asubuhi? Mtoto mdogo mpe chakula kinachotoka motoni, na maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au uliyochemsha mwenyewe. Mwenye hoteli akichukia ukimwangalia jikoni, ondoka. Mpishi anayejiamini anakukaribisha jikoni mwenyewe.

Nikubali pia kwamba watoto wengine hawali samaki, na wewe mzazi usigeuze meza kuwa uwanja wa vita. Chipsi mayai zipo Mtwara mjini, zipo Lindi, zipo Kilwa. Mpe, safari iendelee. Lakini mwekee na kipande cha samaki pembeni ya sahani, usiseme kitu. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kula ngisi kwa njia hiyo.

Wazazi wenzangu, niseme hili moja kwa moja. Mtoto anajifunza kudharau kutoka kwetu. Ukifunga kuliboksi la soseji kwenda mkoa unaopakana na bahari, umeshamfundisha kwamba watu wa kule wako chini yake. Ukimkalisha kwenye benchi la mama wa Kilwa, akasalimia "shikamoo," akanawa mikono, akala kilichopikwa kwa ajili yake, umemfundisha jambo ambalo hakuna ada ya shule inayolinunua. Watu wa kusini tumesemwa sana, kwamba tuko nyuma, kwamba kwetu ni mbali. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, kwenye njia ya kutoka Dar kuja kusini, limefunguliwa tangu 2003. Mbali ni wapi?

Yule mama wa Dodoma nimemwelekeza hivi, na nyie wengine wa Desemba mfuate hivihivi. Huo ni msimu wa embe, kwa hiyo matunda msiyabebe kutoka mbali. Ni joto kali, mle chakula kizito jioni na mchana mle chepesi. Minada ya korosho huanza Oktoba na miji hupata wageni wengi wa biashara, basi mpigieni mpishi simu siku mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, hasa mkiwa zaidi ya watu sita. Bebeni noti ndogondogo, kwa sababu lipa kwa simu ipo sehemu nyingi lakini mtandao haukosi siku zake, na chenji ya noti ya elfu kumi asubuhi ni shida. Na mkiamua kuahirisha mpaka Ramadhani, mjue mchana sehemu nyingi za kula hufungwa, kuleni mlikofikia, bila kutafuna barabarani mbele ya waliofunga. Jioni tokeni. Kuna mihogo ya nazi, kuna tambi, kuna uji wa pilipili manga, na mtakaribishwa futari na watu ambao hata majina yenu hawajawauliza.