Mkuu, usisubiri kukuche: mpeleke shemeji hospitali sasa hivi

Umeandika humu jukwaani kwamba shemeji anaumwa tumbo la chini upande wa kulia tangu jana jioni, siku zake zilichelewa na sasa anatoka matone ya damu, usiku huu amezimia bafuni akazinduka, na hivi sasa amelala kwa sababu maumivu yamepungua. Unauliza umpe dawa gani ya kumsogeza mpaka asubuhi, upitie kituo cha afya hapo Igoma, Mwanza, au uende mjini moja kwa moja, na bima yake itapokelewa wapi bila karatasi ya rufaa.

Dalili hizo zinaweza kuwa za mimba iliyokwama nje ya kizazi. Mwamshe. Tafuta bajaji au gari la jirani, mwondoke. Haya mengine soma ukiwa njiani.

Na nyie mliomjibu hapo juu kwamba ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ampe flajili na maji mengi, naomba mfute. Hayo maneno nimeshayasikia, tena kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, na yalikaribia kumzika mke wangu.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kishiri. Mke wangu alianza kama shemeji: tumbo chini ya kitovu, upande mmoja, linabana na kuachia. Tukaenda duka la dawa la mtaani, lile ambalo nyuma wameweka na kijichumba cha vipimo. Kijana akamuuliza kama akikojoa anasikia maumivu. Akasema kidogo. Basi, hapo hapo jina likatoka: UTI. Akachukuliwa na damu, ikarudi na taifodi. Tukafungiwa sipro, flajili na vidonge vya maumivu kwenye vile vimfuko vidogo vya plastiki vilivyoandikwa kwa kalamu 1x2, 1x3. Tukalipa, tukashukuru, tukarudi nyumbani. Hakuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Swali moja tu, na kipimo cha mkojo cha mimba kilikuwa kinaning'inia kwenye kabati la kioo nyuma ya mgongo wake, cha bei ndogo kuliko dawa zote alizotuuzia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: ugonjwa ukishapewa jina, kila dalili mpya mnaifunga kwenye jina lile. Kichefuchefu? Taifodi hiyo. Kizunguzungu? Sipro zina nguvu, na hajala. Matone ya damu? Siku zimekuja na maumivu mwezi huu. Shangazi yake alipiga simu kutoka Misungwi akasema hiyo ni nzoka, yale maradhi ya tumbo ya kienyeji, atatuma mizizi. Shangazi simlaumu hata kidogo. Alisema alichokulia nacho, na hakuchukua hela ya mtu. Namlaumu aliyesomea, aliyebandika leseni ukutani.

Usiku maumivu yalipanda sana kwa muda mfupi, halafu yakapungua ghafla. Mke wangu akasema mwenyewe, "Naona dawa imeanza kufanya kazi." Nikafurahi. Baadaye kidogo akasema bega linamuuma, hapa juu kabisa, pale kamba ya mkoba inapokaa, na akilala chali linazidi. Nikadhani amelalia vibaya. Nikamwekea mto, nikachukua dawa ya kuchua nikakaa namkanda bega. Mkuu, nisikilize vizuri hapa. Mle ndani mrija wa uzazi ulikuwa umeshapasuka na tumbo linajaa damu, nami nachua bega.

Daktari alinieleza baadaye, na naandika ili kila mwanaume humu ajue. Yai la mwanamke hukutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi, kisha linatakiwa kusafiri mpaka kwenye mji wa mimba. Likikwama njiani, mimba inaanza kukua pale pale. Katika kila mimba 100, moja au mbili huwa hivi, na zaidi ya tisa kati ya kumi ya hizo hukwama kwenye mrija. Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kubeba mtoto. Mara nyingi kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8 tangu hedhi ya mwisho unazidiwa. Ukipasuka, ule mvutano uliokuwa unauma unaachia, na mgonjwa anaweza kuhisi nafuu huku damu inamwagikia ndani. Damu ile ikifika juu inachokoza msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya msuli ule inatoka sehemu moja ya shingo na ile inayopeleka hisia begani. Ndiyo maana bega linauma wakati bega halina tatizo. Na kwa sababu damu inabaki ndani, nje utaona matone tu, mnajipa moyo kwamba ni kidogo.

Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe: "maumivu yamepungua." Mtu aliyezimia halafu maumivu yakapungua hajapata nafuu mpaka daktari aseme amepata.

Alfajiri alisema anasikia haja kubwa. Hata hiyo ni dalili: damu ikituama chini inabana njia ya haja. Akaenda, akachelewa. Nikamkuta amekaa chini, mgongo ukutani, anatokwa jasho la baridi, anaongea maneno nusunusu. Jirani yetu ana Noah ya kupeleka dagaa sokoni. Alitoka amevaa msuli, akaondoa mabeseni, tukamlaza kiti cha nyuma. Mapokezi nesi mmoja wa makamo alimvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani pale palikuwa peupe kama karatasi. Hakuuliza taifodi wala UTI. Aliuliza, "Mama, hedhi ya mwisho lini?" Kisha mkojo kidogo kwenye kikopo, mistari miwili. Altrasaundi ikaonyesha damu imejaa tumboni, na kabla sijamaliza kuelewa wanasema nini walikuwa wanamsukuma kwenda kwenye upasuaji huku chupa mbili za dripu zinatiririka, mkono huu na huu. Mrija wa kulia ulitolewa. Aliongezewa damu. Aliponea chupuchupu, na neno hilo nalitumia nikijua maana yake, kwa sababu daktari wa zamu alinitazama usoni akasema tungekuja kwa daladala tusingefika naye.

Nilirudi dukani kwa yule kijana. Nilitaka aone tu karatasi ya ruhusa imeandikwa nini. Akaniambia, "Lakini vipimo vilionyesha taifodi, bro." Sikiliza, wewe na wenzako wote wenye vijichumba vya nyuma: kile kipimo cha Widal mnachokipenda kinatafuta kinga za mwili, na hizo zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kuugua, au zikaonekana kwa sababu ya maambukizi mengine. Ukienda stendi ya Nyegezi ukawapima abiria utawapata wenye "taifodi" ambao hawaumwi chochote. Kumpima mwanamke anayeumwa tumbo la chini kwa Widal na kuacha mimba ni kumtafuta mwizi sebuleni wakati vitu vinaibwa jikoni. Mnauza dawa, uzeni dawa. Mgonjwa akisema tumbo la chini, mwambieni aende hospitali, hamtakufa njaa kwa kupoteza bei ya dozi moja.

Kanuni yangu ni moja, na mke wangu ameibandika jikoni kwa binti zetu wasaidizi na wadogo zake: mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba akiumwa tumbo la chini, kipimo cha mimba kwanza, kabla ya jina lingine lolote. Na akizimia, au kizunguzungu kikimpata akisimama, au ncha ya bega ikiuma, hapo hata kipimo msisubirie nyumbani. Ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, saa ile ile, iwe usiku wa manane au mvua ya masika.

Najua majibu yanayokuja, kwa sababu nilikuwa nayo yote. "Ameona siku zake." Hapana, ameona damu, damu ya mimba iliyokwama nje ya kizazi inaweza kuja kipindi kile kile, mara nyingi kidogo na yenye rangi ya giza. "Ana kitanzi." Kitanzi kinazuia mimba vizuri sana, lakini ile moja inayoponyoka ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama kwenye mrija. Hata aliyefunga kizazi ni hivyo hivyo. "Presha yake tumepima iko sawa." Mwili wa kijana unashikilia presha kwa muda mrefu wakati damu inapotea, moyo ndio unaoanza kukimbia. Halafu presha inaanguka kwa mkupuo. "Upande wa kulia ni kidole tumbo." Sawa, huenda ikawa kidole tumbo. Nacho kinapasuliwa hospitali, hakitibiwi kwa flajili kitandani.

Kuhusu wapi: ukiwa Igoma na mgonjwa ameshazimia, barabara ni moja, nyoosha Buzuruga, Mabatini, panda hospitali ya Bugando, au teremka hospitali ya Sekou Toure. Unatafuta mahali penye altrasaundi, daktari wa upasuaji na damu usiku huu. Zahanati hata wakiwa watu wema kiasi gani watakupa dripu na karatasi, na muda wa kuandika karatasi ndio muda unaoukosa. Na usimpandishe bodaboda hata kama ndiyo iliyo karibu. Mtu anayezimia hawezi kujishika, na mkimbana katikati anakaa wima wakati anatakiwa alale.

Kuna namba 115, ni bure, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Huo ndio mpango wa m-mama, na majaribio yake ya mwanzo yalifanyika hapa hapa kanda yetu, Sengerema na Shinyanga. Piga huku mtu mwingine anatafuta gari. Kitakachotangulia kufika ndicho mnachopanda. Walio ng'ambo ya Busisi siku hizi wana daraja, kilomita tatu tangu Juni 2025, hakuna tena kukaa Busisi unaangalia taa za kivuko upande wa pili na mgonjwa amekulalia mapajani. Lakini walio Ukara, Kome, Maisome na visiwa vidogo, kwenu kanuni ni kali kuliko kwetu. Nyie msisubiri azimie. Siku zimechelewa na tumbo linauma upande mmoja? Ondokeni mchana ule ule wakati vyombo vinatembea. Ziwa likichafuka usiku hakuna nahodha mwenye akili atakayewasha injini, na hutamlaumu.

Kabla hamjatoka: asile, asinywe, hata uji wa kumpa nguvu. Mama mkwe kama yupo atasisitiza, mjibu kwa adabu lakini usikubali, maana anaweza kuingia kwenye upasuaji ndani ya saa moja na tumbo lenye chakula ni hatari akipewa usingizi. Mlaze. Mfunike shuka. Chukua kitambulisho, simu yenye chaji, na waamshe ndugu wawili watatu wenye afya waje nyuma yenu, kwa sababu mtaombwa watu wa kuchangia damu. Kama anajua kundi lake la damu mseme mapema, hasa likiwa hasi, maana kuna sindano atahitaji baada ya hapo kwa ajili ya mimba zijazo.

Mkifika usianze na "tumbo linamsumbua." Ukisema hivyo utaelekezwa benchi. Sema hivi, kwa sauti, kabla hujaulizwa faili: "Siku zake zilichelewa, anatoka damu, tumbo linauma upande mmoja, na amezimia." Maneno hayo manne yakiwa pamoja, daktari au nesi yeyote wa zamu anajua anashughulika na nini. Sisi wanaume tuna tabia ya kuona aibu kutaja siku za mke mbele ya watu. Iache mlangoni hiyo aibu. Na kama utakuta umekosea, kumbe ni kitu kidogo, utarudi nyumbani umechoka na nauli imekwenda. Hakuna daktari aliyewahi kunigombeza kwa kumleta mke wangu mapema, na tangu siku ile nimemleta mapema zaidi ya mara moja.

Usimwache alale kwanza "apumzike kidogo." Nipo macho, simu iko mkononi. Kama hujapata usafiri andika upo mtaa gani; humu kuna watu wa Igoma, Kishiri na Nyakato wenye magari, mmoja ameshanitumia ujumbe kwamba yuko tayari kutoka.