Muulize mpagazi kwao ni wapi: kwa vijana wa Moshi mnaopanda Nepal mara ya kwanza

Jana jioni hapa Namche, mji wa milimani kwenye njia ya Everest, nimemsikia kijana wetu mmoja, mwongozaji hodari ambaye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, anaijua hata usiku bila tochi, akimwita mpagazi: "We Sherpa, hebu njoo!" Yule kaka hakugeuka. Hakuwa na kiburi. Yeye ni Mrai, kabila jingine la Nepal, na Sherpa si jina lake wala si jina la kazi yake. Msimu huu hii ni mara ya tatu nasikia jambo hilohilo, kwa hiyo wadogo zangu, kaeni na chai yenu mnisome.

1. Sherpa ni kabila. Wazee wao walivuka milima kutoka Tibet, na jina lenyewe lina maana ya watu wa mashariki. Kwao ni huku Khumbu, eneo la chini ya Everest, ambako mtoto anazaliwa juu ya mita 3,000 na mapafu yake yanajua hewa hii tangu siku ya kwanza. Walipoanza kuongoza misafara, dunia ikageuza kabila kuwa cheo. Lakini sensa ya Nepal ya mwaka 2021 ilihesabu makabila na matabaka 142 na lugha za mama 124, katika watu milioni 29. Kuna Wamagar, Watharu, Watamang, Wanewar, Wagurung, Warai. Mgeni akishuka uwanja wetu wa ndege wa KIA na kumwita kila anayemwona Mmasai, mnanuna safari nzima. Basi na wenzenu nao wananuna.

2. Jueni nchi ilivyosimama. Kutoka mpaka wa India hadi wa China ni wastani wa kilomita 200 tu. Kusini kuna Terai, tambarare ya joto isiyofika mita 100 juu ya bahari mahali pengine, yenye mpunga, maembe na vifaru wa Chitwan. Kaskazini kuna Sagarmatha, ndio mlima Everest, mita 8,848.86. Kwa hiyo hapa ukimuuliza mtu kwao ni wapi, umemuuliza pia mwili wake umezoea hewa gani.

Hilo mimi nililijua na sikulitumia. Ilikuwa msimu wangu wa pili. Nilikuwa na wageni sita na wapagazi wanne kutoka Khotang, vilima vya kati vya mashariki. Mdogo wao alikuwa na miaka 19. Siku ya kwanza kutoka Lukla, kwenye uwanja wa ndege ambako safari inaanzia, alinisimulia kwao: migomba, mpunga, na ulezi ambao mama yake anaupikia pombe. Nilifurahi mno, nikamweleza mbege yetu. Yaani mtoto alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba anatoka mwinuko kama wa Marangu, na mimi nikaishia kwenye pombe.

Wageni niliwapima asubuhi na jioni kwa oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nikiwauliza kama wamekula, wamelala, wamekojoa. Wapagazi sikuwapima hata mara moja. Kichwani mwangu mpagazi wa Nepal alikuwa haumwi na mwinuko. Kupanda Thukla akawa wa mwisho, kila hatua ishirini anasimama na kuegemeza doko lake, kikapu cha mgongoni, juu ya tokma, fimbo ya kuegemezea mzigo. Nilidhani ni uvivu. Nikamwambia, "Twende, bhai," yaani mdogo wangu, "wageni wanasubiri." Akatabasamu, akarudisha namlo, mkanda wa kubebea mzigo, kwenye paji la uso, akatembea.

Lobuche, mita 4,940, hakugusa dal bhat, wali wa dengu. Nikamuuliza, akajibu "thik chha", yuko sawa. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka minne. Nimewahi kusema "niko poa" kambi ya Barafu huku kichwa kinapasuka, kwa kuogopa kurudishwa chini na kukosa tipu. Sauti ile niliifahamu, na bado nikaenda kulala.

Usiku wa manane mwenzake akanigongea, akaniita dai, yaani kaka: "Dai, haongei vizuri." Nilimkuta kwenye kona ya wapagazi na blanketi moja jepesi. Nikamsimamisha, nikamwambia atembee kisigino kwa vidole kwenye mstari wa mbao za sakafu, nione kama mwinuko umefika kwenye ubongo. Hatua ya tatu akaangukia ukuta. Tulimtia oksijeni, tukambeba mgongoni kwa kupokezana kushuka hadi kijiji cha Pheriche kwenye zahanati, tukipita gizani kwenye minara ya mawe ya waliofia mlimani. Pale kwenye minara ndipo alipozungumza, maneno yanakatika: "Dai, mtanikata hela?"

Alipona, kwa sababu tulimshusha. Daktari aliniuliza tangu Lukla nimempima mara ngapi, nikashindwa kumtazama.

3. Mengine ni mepesi. Njia pimeni kwa saa, msiwatajie wageni kilomita. Anayekuzidi umri ni dai au didi, mdogo ni bhai au bahini, wala msimwite mtu kwa kupiga mluzi. "Bistarai, bistarai" ndiyo pole pole yao. Mapumziko ya wiki ni Jumamosi, msipange shughuli za ofisi siku hiyo. Saa za hapa ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na dakika 45, na hizo dakika zimewahi kutuchelewesha ndege. Juni hadi Septemba ni masika yao: ruba njiani, na ndege za Lukla haziaminiki.

4. Mpagazi alale pakavu, awe na koti na blanketi zito, na mzigo wake upimwe mbele yake. Akishuka mgonjwa analipwa siku zote za safari, na ajulishwe hivyo Lukla, kabla hajaugua, ili asipate sababu ya kuficha kichwa kinachouma.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla kamba hazijafungwa, kila mmoja wenu aniletee majina ya wapagazi wake, kijiji cha kila mmoja, na namba ya oksimita. Wageni tutawapima baada ya hapo.